Mablanketi Sitini na Moja

Walinipa daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
Hiyo ndiyo sifa yangu, sina nyengine.
Kubeba magunia wapo vijana,
kupiga sindano yupo Bi Tatu,
miye ni fundi cherehani wa Mtambile,
nimevaa kizibao cha njano cha Jumuiya
kinachonibana kwapani.
Aliyekikata hakupima mtu.

Siku ya tatu ya mvua, skuli imekuwa mji:
darasa la nne wanawake na vichanga vyao,
darasa la sita wazee na vikohozi vyao,
na ubaoni bado hesabu ya mwalimu, haijajibiwa:
*Mzee ana pishi saba za mchele na watoto wanne.
Kila mmoja atapata nini?*

Jina. Kijiji. Watu wangapi nyumbani.
"Nyumba ipi?" akanirudishia Bi Chumu,
maji yakimtona kwenye ncha za kanga.
"Haya, andika wawili, miye na mbuzi wangu.
Na yeye hana pa kulala."
Nikaandika wawili.
Bi Tatu akafuta mmoja.
Nikaandika tena.

Kisha akasimama mbele yangu Faki Makame.
Tangu Mfunguo Mosi alichukua suruali,
akasema mguu mmoja mfupi, hela hakutoa,
na msikitini tukawa tunasalimiana na ukuta.
"Jina?" nikamuuliza, kama simjui.
"Faki Makame," akajibu, kama hanijui.
"Watu wangapi?"
Akakawia.
Mkewe keshavuka kwenda Tanga, mji mzima unalijua hilo.
"Mmoja."
Nikaliandika jina lake vizuri kuliko majina yote.

Usiku tukahesabu: kaya sitini na nne,
mablanketi sitini na moja.
Bi Tatu akarudia, akiyapiga kofi moja moja
kana kwamba lililojificha litalia.
Akapiga simu Chake. Barabara imekatika,
gari hadi kesho kutwa, inshallah.
Nikatoa mkasi.
"Mali ya watu hiyo," akasema.
Nikamwambia, na baridi ni ya watu.
Akanipa mgongo, akajifanya anatafuta dawa ya maji.

Matatu nikayakata katikati, yakawa sita.
Cherehani iko dukani, ndani ya maji hadi magotini,
nikapinda kwa mkono, kwa uzi wa buluu,
mwanga wa simu ukififia,
maana kitambaa kisichopindwa hufumka,
na mtu aliyekwisha poteza ukuta
hapewi kitu cha kufumka.

Nusu kwa walio peke yao. Ndivyo nilivyosema,
na hakuna aliyebisha.
Walio peke yao walikuwa saba.
Bi Chumu nikampa zima, yeye na mbuzi.
Faki nikampa nusu.
Akalipokea kwa mikono miwili.

Ripoti imekwenda Unguja:
yaliyopokelewa sitini na moja,
yaliyogawiwa sitini na nne.
Mkaguzi ameipigia mstari mwekundu na alama ya kuuliza.
Hilo naweza kulijibu, mkasi ninao.
Lakini liko jengine, haliulizwi na mkaguzi,
hunijia nikiwa natunga uzi sindanoni:
isingekuwa ile suruali,
mbuzi angehesabiwa mtu?

Msimu wa karafuu nikapita uani kwa Faki.
Kaezeka upya, bati mbili bado zinang'aa.
Chini, juani, lile nusu blanketi limetandikwa,
karafuu juu yake zimeanza kugeuka rangi,
na upindo wangu wa buluu umezizunguka pande zote.
Nilitaka kupita kimya.
"Fundi," akaniita, hakuinua kichwa,
anazipekua kwa kiganja.
"Mshono wako haujaachia."

Suruali hakuitaja.
Nami nikasimama pale, jua la utosi,
nikitafuta neno,
mwisho nikachutama upande wa pili
nikamsaidia kutoa vikonyo.