Kadi ya Sikio

Mvua ya Maragoli haibishi hodi.
Saa nane kasoro, bati linamwagiwa kokoto,
watoto arobaini na watatu wanashangilia,
na Agesa yuko chini ya meza yangu,
viganja masikioni, magoti kidevuni,
anavuta sauti moja tu, mmm,
kama friji ya soda dukani kwa Mama Isigi.

Nikiri: muhula wa kwanza nilimwita mkaidi.
Niliandika kwa wino mwekundu, Haitiki jina.
Nyanya yake akasema amefungwa ulimi,
mchungaji akasema aletwe Ijumaa,
jirani akasema, huyo ni wa nyumbani.
Wa nyumbani!
Kana kwamba chekechea ni ya wenye maneno,
na waliobaki wahesabiwe jioni pamoja na kuku.

Madam Kahi wa kituo cha tathmini
alikuja kwa bodaboda, viatu matope matupu.
Hakumwita. Hakumshika kidevu.
Aliketi sakafuni, akapanga vizibo vya soda
kando ya vizibo vyake:
chekundu, chekundu, kijani.
Dakika ishirini. Darasa likatulia lenyewe.
Kisha Agesa akasukuma kizibo kimoja
upande wa mgeni.
"Umesikia?" Madam akaniuliza.
Sikuwa nimesikia kitu.
"Amesema karibu."

Usiku huo nilikata maboksi ya majani chai,
nikachora kikombe, choo, mlango,
na sikio lililopigwa mstari katikati.
Sijui kuchora; ng'ombe wangu hufanana na kitanda.
Nikatoboa matundu, nikapitisha kamba ya kiatu.

Wiki tano kadi zilining'inia shingoni bure.
Ya sita, nilikuwa nafoka
nani kamwaga uji, nani, nasema nani,
mkono mdogo ukanivuta gauni.
Hakunipa kikombe. Hakunipa choo.
Aliniwekea kiganjani lile sikio.

Miaka kumi na sita ya chaki,
na sijawahi kunyamazishwa kwa adabu kama ile.

Leo bati linapigwa tena.
Musimbi, ambaye mdomo wake hauna breki,
ameazima kadi ya mlango,
anatambaa hadi mezani, anaiinua,
midomo ameibana kwa vidole viwili.
Agesa hamtazami.
Anasogea kidogo, ukutani,
nafasi ya mtu mmoja mwembamba.