Kingo Kwanza

Fundi cherehani huanza na kitambaa
akamalizia na pindo.
Yangu imegeuzwa, Bi Somoe:
naanza na pindo,
kitambaa kitakuja kikijaliwa.

Hizi ndizo reli. Zishike, hazina uzito.
Ndoano zilizovutwa zikawa ndefu futi kumi na mbili,
nyeupe, bado zinanuka duka la Masasi.
Hii itakaa chini, juu ya msingi.
Hizi zitasimama ubavuni mwa madirisha,
na hii italala kifudifudi juu yake,
ulimi wake umekunjwa juu ya zile za pembeni
ili maji yashuke nje, yasiulize njia ya ndani.
Maana Newala mvua hainyeshi,
inatupwa,
kutoka bondeni, kwa mkono wa mtu mwenye hasira.

Ukuta huu wa mashariki umeliwa.
Natia kidole, udongo unatoka kama unga wa muhogo.
Mzee Chingwile aliukandika mwenyewe.
Dirisha la kulia alilipima yeye,
kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole;
la kushoto alilipima mdogo wake,
mwenye mkono mfupi.
Nimekata reli mbili sawasawa, moja ikabaki na mkia.

Pimamaji inasema nyumba imeinama.
Povu lake limekimbilia kushoto, limegoma kurudi.
Dadi, mwanafunzi wangu, anacheka:
“Fundi, nyumba imelewa uraka.”
Nikiifuata pimamaji, reli itanyooka
na nyumba itaumbuka kando yake.
Nikiifuata nyumba, kila mbao itakuja kulia.
Nagawa: nusu kwa timazi,
nusu kwa mkono wa marehemu.

Dadi anagonga mpaka kichwa cha msumari kinazama.
Ng'oa.
Anagonga tena. Ng'oa.
Msumari ukae katikati ya tundu,
na uuache nje kidogo, unene wa sarafu ya mia.
Mchana plastiki hurefuka, usiku hujikunyata.
Ukiibana itavimba tumbo mbele za watu.
“Sasa inashikwa na nini?”
Imeshikwa. Haikubanwa.

Wewe uko kizingitini unamenya ming'oko,
ukainua uso:
“Maneno hayo ungemwambia mkwe wangu.”

Saa tisa simu yako ikalia.
Chama cha msingi. Malipo ya pili bado,
mnunuzi wa mnada wa tatu hajaleta fedha.
Ulisema “haya” mara nne,
kila moja fupi kuliko iliyotangulia.
Kisha ukatazama reli, ukatazama daftari langu,
ukaenda kutupa maganda.

Nikafunga mkasi wa bati kwenye gunia.
Dadi akafagia vipande vyeupe
kama anafagia kucha.
Tukaiacha nyumba imepakwa wanja
pasipo nguo mwilini.
Jirani akapita, akasimama:
“Fremu nzuri. Picha iko wapi?”

Leo nimepita tena, msimu umezunguka.
Sikuwa na kazi huku; nilijidai nina kazi.
Nyigu wamejenga ndani ya reli ya juu.
Udongo umeliwa kiasi cha kidole kingine.
Nilisukuma reli ya dirisha kwa gumba:
ikateleza kidogo, ikarudi,
kama mtu anayesogea kwenye mkeka
kukupa nafasi.

Na pale, chini ya upenu, pasipofikiwa na mvua,
ndani ya mdomo wa reli,
nikaona karatasi imekunjwa mara nne.
Stakabadhi ya ghala.
Korosho, kilo mia mbili arobaini na moja.
Imekaa wima, imenyooka,
haijakazwa.

Mbao ya kwanza.