Nusu Kichwa

Kinyozini kwa Shekue, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
nusu ya kichwa changu imenyolewa,
nusu inangoja hoja iishe.
Chuo cha Ualimu na Chuo cha Mabaharia:
nani mkubwa Tanga hii?

"Sisi tuna kombe," anasema Shekue,
mashine ikinguruma hewani.
Kombe lenyewe nalijua: mlinzi wa getini huhifadhi humo chumvi.
Ndiyo maana Shekue huitia kila hadithi.

"Kombe la enzi za foleni ya sukari!" Hozza anacheka.
"Sisi tuna basi. Tuna jezi zenye majina mgongoni.
Na yule mtoto wa Pongwe, mguu wa kushoto, wetu."
"Wenu? Katia saini wapi?"
"Kaahidi."
"Ahadi si kitanda cha bweni."

Wamemgawana vipande mtoto wa watu:
huyu kachukua kasi, yule kachukua krosi.
Goti lake bovu halina mwenyewe.

Mimi kimya. Mamake, Mwanamgeni, ni shemeji yangu.
Makocha wote wawili walifika kwake,
mmoja na viatu, mmoja na kreti ya soda.
Aliwauliza neno moja:
"Akivunjika, ada atalipa nani?"
Kreti iko mlangoni hadi leo, haijafunguliwa.

Jana aliniazima kalamu, ajaze fomu:
umeme wa majumbani,
chuo kisicho na timu.

"Nawe mzee, wasemaje? Ataenda wapi?"
"Nyoa," namwambia Shekue.
"Upande huu unaona baridi."