Risiti ya Kuni

Ruzuku ya chuo chetu imefika Konde
baada ya mihuri mitatu, miezi kumi na mmoja.
Maalim Shaame kaisoma barua mara mbili,
ya pili bila miwani.

Kaja mkaguzi kutoka Wete.
Mchele: risiti ipo. Mabati: ipo.
Kuni?

Kuni huleta Bi Mize, kichwani,
tangu mayatima walipokuwa wanne.
Ukimuuliza bei hucheka,
hujitanda ukaya, huyoo.

Kalamu ikaning'inia. Uji ukachemka.
Mtoto akamsogezea bakuli.
Akanywa, akaandika: "Kuni hazina hesabu."

Mwezi haukwisha, Hazina wameirudisha fomu:
sentensi moja haieleweki.

Alfajiri hii, nyuma ya chuo,
nimesikia mzigo mwengine ukitua.