Kiplefti

Swindon pana kiplefti cha ajabu:
vidogo vitano vimekizunguka kimoja,
magari huingia kama yaliyorukwa na akili
na kila moja hutoka na njia yake.
Miaka kumi na tisa nimekipita kwa basi, macho nimefumba.
Makame alinicheka. Yeye alikipita saa kumi za alfajiri
na lori la mikate, redio juu.
Humo hakuna kukwama, mke wangu, alisema.
Huku kukifungwa, unazungukia kule.

Jumanne birika lilimponyoka.
Halikuvunjika; lilimwaga maji hadi mlango wa friji.
"Okota basi," nikamwambia.
Akanitazama kwa nusu ya uso.
Nusu ya pili ilikuwa imeshuka
kama pazia lililong'oka ndoano upande mmoja.

Daktari Pritchard, mwanamke wa Wales mwenye raba miguuni,
alinichorea juu ya karatasi ya kufutia mikono.
Mishipa minne hupanda kichwani.
Miwili mbele, huku na huku ya koo:
gusa hapa, chini ya taya.
Nikagusa. Ukadunda.
Miwili nyuma, myembamba,
hupenya matundu ya pingili za shingo, moja baada ya moja,
hadi kichogoni, ikaungana, ikawa mmoja.
Kisha yote hukutana duarani, chini ya ubongo.

"Hiki ni kiplefti," nikasema.
Akauliza maana.
Neno lenu, nikamwambia. Tulilisoma kibaoni,
tukaliongezea irabu mwishoni.

Ubongo ni ratili tatu tu,
lakini katika kila mafungu matano ya damu
hula fungu moja, na hauweki akiba.
Hauna ghala, hauna kibindo.
Dakika chache, njaa imeshaua.
Mgeni gani huyu, tumempa chumba cha juu kabisa,
asiyejua kuna kesho?

"Sasa kama ni duara," nikauliza, "mbona haikuzunguka?"
Akashusha ncha ya kalamu nje ya duara,
kwenye tawi la kushoto, yanakokaa maneno
na mkono wa kulia.
"Hapa ameshatoka kwenye kiplefti chako.
Hapa njia ni moja."

Damu nzito kuliko maji: tulijisifu nayo maisha yote.
Kumbe uzito huo huo.

Bristol wakaingiza waya pajani,
ukapanda tumboni, kifuani, shingoni,
ukajua mitaa ya mume wangu kunishinda mimi,
ukalinasa donge, ukalivuta.
Nilioneshwa kwenye kichupa: kitu chekundu
kisichoweza kufunika kucha.
Hicho ndicho kilichomeza jina langu.

Mkono wa kulia ni wa kulia chakula.
Wake ulilala juu ya shuka.
Aliyelia ni mimi.

Machi nikaenda kwa Sukhdev, mwalimu wa udereva,
mtu mwenye subira inayolipwa kwa saa.
Nikafeli. Nikafeli tena.
Mara ya tatu mtahini alifunga daftari
akasema nimepita, bila kunitazama.

Alhamisi nampeleka kwenye mazoezi ya kusema.
Njia ni ile ile. Kinakuja:
vishale vyeupe, magari pande zote,
nami nasikia mapigo shingoni, huku na huku,
yakipandisha damu
ya kulisha hofu hii hii.
Makame ananyoosha mkono wa kushoto, ulio mzima.
"Kulia," anasema.
Ni kushoto anakokusudia. Namjua.
Naingia kushoto.
Nyuma yetu mtu anapiga honi.
Nimeikosa njia ya kutokea. Tunazunguka tena.
"Mkate," anasema Makame.
Nasema, ndiyo.