Jalada la Majani

Nianze kwa kukiri: niliiba.
Siku yangu ya mwisho masjala, hotuba zimekwisha,
soda zimepata joto, nimekabidhiwa saa ya ukutani
yenye jina langu, herufi moja imekosewa,
nikapita ofisini kwa Mkurugenzi kuaga, hayupo,
nikakata kitawi cha mmea uliotambaa dirishani kwake:
vifundo vitatu, jani moja na nusu.
Nikakifunga kwenye leso mbichi, nikakitia mfukoni.

Miaka thelathini na minne niligonga muhuri IMEPOKELEWA
wala sikuwahi kupokea kitu kikawa changu.

Nyumbani Kizota nikakiweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Damari akauliza, "Ndicho kiinua mgongo hicho?"

Wengine walikuja na ushauri mzito.
Mwanangu, kwa simu kutoka Mwanza: kuku wa nyama, baba,
wiki sita hela imerudi.
Shemeji Chilongani: bodaboda mbili.
Mchungaji: zabibu, ekari moja kule Hombolo.
Niliwasikiliza wote. Niliwapa chai.
Na chupani, siku ya kumi na moja, mzizi mweupe,
mwembamba kuliko uzi wa kufungia majalada,
ulipapasa chini kama mtu atafutaye kiatu gizani.
Sikumwambia mtu.

Sasa wapo kumi na saba.
(Nasema "wapo". Mwalimu wa sarufi anisamehe.)
Shubiri yumo kwenye sufuria iliyotoboka kitako,
jimbi anakaa bafuni, anapenda mvuke wa ndoo,
ulimi wa mama mkwe yuko nyuma ya mlango,
mrefu, wima, kimya.
Damari anasema aliyempa jina hilo hakuwahi kuwa na mama mkwe.
Begonia alitutoka Julai, usiku wa baridi kali.
Nilimwandikia kwenye daftari: jalada limefungwa.

Agosti upepo husukuma vumbi jekundu
chini ya mlango, kwenye chumvi, katikati ya Zaburi.
Kila Jumamosi nawapangusa, jani kwa jani,
kwa kipande cha shati langu la kazini.
Ni vumbi lile lile la kwenye rafu za masjala,
ila jalada, hata ulifute vipi,
halikuwahi kuning'alia likanionyesha dirisha.

Maji ni ya mgao, Jumanne na Ijumaa.
Yaliyooshea mchele hayamwagwi.
Damari, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hapendi mimea,
huyaacha kwenye bakuli, kando ya sinki, bila neno.
Na juzi alfajiri nilimsikia sebuleni
akiwaamkia wote kwa pamoja, taratibu: "Mbukwenyi."
Nikarudi kitandani kwa kunyata.

Wiki iliyopita alikuja Mkurugenzi.
Naye kastaafu; anatembelea fimbo, koti limempwaya.
Akaketi chini ya ile saa yangu
iliyosimama saa nne na dakika kumi
(betri ninazo, sijaona sababu).
Kile kitawi cha wizi kimeshaupanda ukuta,
kimezunguka msumari,
jani moja limeifunika herufi iliyokosewa.
Akautazama mmea, akautazama tena.
"Nilikuwa nao kama huu. Nilikwenda likizo, ukanifia.
Hakuna aliyekumbuka kumwagia.
Huu umeupata wapi?"
"Ofisini," nikasema.
Koo lilinikauka kama Septemba.
Akatikisa kichwa polepole. Hakuuliza ofisi ipi.

Nilichukua mkasi.
Vifundo vitatu, jani moja na nusu, sikuongeza.
Damari akaleta leso, ameshailowesha,
na sijui nani alimwambia.

Kutoka mlangoni niliwaona wawili, mzee na upepo,
wanavutana koti hadi kona ya duka la mkaa.
Fimbo alikuwa ameikumbatia kwapani
ili mkono mmoja ubaki juu ya mfuko.