Masikio ya Mwalimu Ngumbao

Yalikunjamana kama korosho za kubanikwa.
Sisi wa darasa la sita, pale Muyeye,
tulidhani kazaliwa nayo,
mpaka Dama alipoleta gazeti lililofungiwa mahamri:
timu ya raga ya chuo kikuu, zamani hizo,
kijana mwembamba anaruka na mpira,
na chini yake, katika rundo la watu,
mguu mmoja, soksi imeshuka.

"Huo wangu," akasema,
akarudi kwenye desimali.

Ulifunga mara ngapi, mwalimu?
"Sikufunga. Nilikuwa nasukuma."

Tukacheka hadi kengele.
Mtu mzima, mlango mzima wa mninga,
hana hata bao la bahati!

Lakini mimi nilikuwa bado nasoma kwa kidole,
herufi zikinitoroka kama kaa wa mchangani.
Kila alasiri aliinama kando ya dawati langu,
goti lake bovu likilia kama bawaba,
bega karibu na bega langu, haligusi.
Silabi.
Kimya kirefu, nje wanadeki.
Silabi nyingine.
Hakunitamkia hata moja.

Ijumaa amestaafu. Tumemnunulia saa ya ukutani,
ikagoma kabla ya hotuba ya chifu.
Risala nimesoma mimi, kurasa mbili,
kidole mfukoni.
Kwenye neno "unyenyekevu" nikakwama.
Nikamwangalia kule nyuma:
kainamisha kichwa, korosho moja imenielekea,
na bega, lile la kulia,
linasukuma hewa.